Kukabwa usiku ni kweli, ila msitutajie mchawi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua itakuwa ndefu kidogo ila tafadhali msiikate sana, manake hili jambo limenikaa rohoni toka niliposoma ile habari yenu ya kijana anayekabwa kila usiku na mtu mweusi anayemkalia kifuani, ambapo mwandishi wenu akamalizia kwamba mganga kamwambia anayemkaba ni mwanamke wa ukoo wake, mtu mzima, wa upande wa baba. Mkaichapa hivyo hivyo, bila daktari kuulizwa hata neno moja, na pembeni yake mkaweka tangazo la mganga na namba yake ya simu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi yule kijana anadanganya, wala sisemi kachanganyikiwa. Mimi ni muuguzi hapa Tanga, zamu za usiku nimezifanya miaka mingi, na kukabwa nimekabwa mwenyewe, naijua ile hali. Unaamka kabisa, unaona chumba ni kile kile, neti ile ile, pazia, kile kitaa cha simu inayochaji, lakini mkono haunyanyuki. Unataka kumwita aliyelala pembeni yako, mdomo haufunguki. Afu unajua kuna mtu. Humuoni vizuri ila unajua yupo, kasimama mlangoni au miguuni kwa kitanda, na wengine wanasikia hadi nyayo zake zinavyoburuza sakafuni. Anasogea, anapanda kitandani, kifua kinabanwa, pumzi inakuwa ndogo, unaona kabisa hapa nakufa. Afu ghafla inakatika, unakurupuka umelowa jasho na moyo unakwenda mbio. Aliyepitia hayo ukimwambia "ulikuwa unaota tu" anaona unamtukana, na ana haki, kwa sababu alikuwa macho, chumba alikiona.

Kwa hiyo kukabwa ni kweli. Tatizo langu lote liko kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapotajiwa nani kamkaba.

Niwaeleze kinachotokea mwilini kwa kadiri tulivyofundishwa na nilivyosoma. Usingizi wetu unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja ni kama dakika 90 hivi, na ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, hapo ndipo zinapokuja zile ndoto kali zenye watu na visa. Kipindi hicho kilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman kule Chicago. Mwaka 1959 Mfaransa Michel Jouvet, akifanya kazi Lyon, akaonyesha kwa paka kwamba wakati huo misuli inalegea kabisa, na kinachoilegeza ni ubongo wenyewe kutokea kwenye shina lake huku nyuma ya kichwa. Alipoharibu kisehemu kidogo cha hilo shina, wale paka wakawa wanainuka wakiwa usingizini, wanawinda na kupigana na vitu ambavyo havipo. Yani bila ule mlegeo hata sisi tungekuwa tunacheza ndoto zetu, mtu anaota anapigana anamvunja mwenzie pua.

Sasa kuna siku akili inaamka kabla ya mwili kuruhusiwa. Ni kama nyumba iliyokatiwa umeme kwenye mita huku wenyewe wako macho ndani, kila mtu anabonyeza swichi na hakuna kinachowaka. Na ndoto nayo inakuwa haijaisha, kwa hiyo unaona chumba chako cha kweli na ndani yake mabaki ya ndoto, vyote viwili kwa pamoja. Kile kifua kubanwa nacho kina sababu yake: kipindi hicho misuli ya katikati ya mbavu inakuwa imelegea, unapumua kwa kiwambo peke yake, ule msuli ulio chini ya mapafu, pumzi fupi fupi, na mwili hauna shida na hilo mpaka pale unapoamka na kutaka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, mbavu zinagoma, unahisi umekaliwa. Na sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga huwa imechangamka mno wakati wa ndoto za kipindi hicho, kwa hiyo unaanza kuogopa kabla hujaona cha kuogopa, na akili inamtafuta wa kumweka hapo. Mara nyingi ni sekunde kadhaa, au dakika chache. Haiui, pumzi hazikatiki hata kama unaona zimekatika.

Na wala si yetu peke yetu watu wa pwani au Waafrika. Wajapani wanaijua toka zamani na wanaiita kanashibari. Wakambodia wanasema ni mzimu unaokukandamiza, Wayoruba kule Nigeria wana ogun oru, Italia kwenye mkoa wa Abruzzo wazee wanasimulia pandafeche, mchawi anayekuja kukaa kifuani. Kule Newfoundland, Canada, wanasema ni bibi kizee, na huko alikwenda Mmarekani David Hufford kufanya utafiti miaka ya 1970, naye mwenyewe alishakabwa akiwa mwanafunzi wa chuo mwaka 1963, hajawahi hata kusikia hizo hadithi. Alichokikuta ni kwamba hata watu ambao hawajasimuliwa lolote wanaeleza mambo yale yale, nyayo, mtu chumbani, uzito kifuani. Yani mwili ndio unaoanza, afu kila watu wanampa yule mgeni jina kutokana na wanachokiogopa wao. Kwao bibi kizee, kwetu jini, kwa mwingine shangazi.

Mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000 wakajumlisha, wakapata asilimia 7.6 ya watu wa kawaida wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi inapanda hadi asilimia 28.3. Hebu piga hesabu, Mhariri. Mtaa wenye watu 1,000 kwa kiwango hicho cha chini una watu kama 76 waliowahi kukabwa. Kila mmoja wao akienda kwa mganga akatajiwa mwanamke mmoja wa ukoo, mtaa huo utabaki na bibi gani ambaye hajatajwa?

Nimezaliwa Unguja, Ng'ambo, na mwaka 1995 nilikuwa msichana, nayakumbuka ya popobawa, lile jini lenye mabawa lililosemwa linavamia watu usiku vitandani. Wazee walisema lilianzia Pemba muda si mrefu baada ya Mapinduzi ya 1964, afu likapotea, likarudi, lakini lile la 1995 lilikuwa kubwa. Lilianzia Pemba likavuka likaja Unguja. Nyumba zilihamia nje. Mikeka imetandikwa uani na barazani, moto umewashwa, wanaume wakubwa kabisa wenye ndevu wanakataa kulala chumbani kwa sababu lile lilisemwa linawaingilia hata wanaume, watoto tumelazwa katikati tumezungukwa, mtu akipiga chafya wote wanashtuka. Nakumbuka harufu ya ubani na mafuta ya taa, na sauti ya mtu mzima mmoja anasoma Yasini, akichoka anapokea mwingine. Hakuna aliyekuwa analala. Na usiku uliofuata hivyo hivyo, na uliofuata.

Sasa ukiwa mtu mzima na umesomea haya mambo unarudi unaangalia. Hofu ile ilishika karibu na Ramadhani, watu wanalala usiku wa manane baada ya tarawehe, wanaamshwa daku, wanalala tena, usingizi umekatwa vipande vipande. Juu yake ndio mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi toka Mapinduzi, Oktoba, Visiwani kuna presha, ndugu hawasalimiani. Usingizi uliokatika na stresi ndivyo vitu viwili vikubwa vinavyoleta kukabwa, kitabu chochote cha usingizi kitakwambia. Halafu watu wakawa wanakesha kwa kuogopa kukabwa, na kukesha ndiko kunakozidisha kukabwa. Mimi naamini kabisa sehemu kubwa ya yale yaliyosimuliwa ilikuwa hii hali, wala siwadharau waliosimulia, wengi ni wazee wangu.

Lakini kuna kitu kimoja ndani ya ile hadithi ambacho naomba wasomaji wakitazame vizuri. Ilisemwa popobawa likikuingilia linataka uende ukatangaze, usipowaambia watu litarudi. Kwa hiyo kila aliyekabwa alfajiri anapita nyumba kwa nyumba anasimulia, na waliosimuliwa wanakwenda kulala na hofu hiyo hiyo kichwani, na usiku wao nao wanakabwa. Ndivyo lilivyosambaa. Mwaka 2007 likavuma mpaka Dar es Salaam. Na mwaka ule wa 1995 mjini Zanzibar umati ulimpiga mtu mmoja mpaka akafa, mgonjwa wa akili, wakidhani ndiye popobawa. Mgonjwa, mtu aliyetakiwa kuwa hospitali. Hilo huwa halisimuliwi sana, watu wanapenda kusimulia mabawa na harufu.

Na sisi Waislamu tuna mafundisho yanayokwenda kinyume kabisa na hilo sharti la kutangaza, na nashangaa masheikh wetu hawayasemi kwa sauti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ndoto ni aina tatu, kuna bishara njema kutoka kwa Allah, kuna ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na kuna yale mtu anayoyasemezana na nafsi yake. Na aliyeota la kumchukiza ajikinge kwa Allah, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu mwingine, na asimsimulie mtu, haitamdhuru. Asimsimulie mtu! Hakuna pale palipoandikwa aende akatafute nani kamtumia. Na kulala tumefundishwa kulalia ubavu wa kulia, na leo watafiti wanasema wanaolala chali ndio wanaokabwa zaidi. Ibn Sina naye, yule tabibu mkubwa wa Kiislamu wa miaka elfu moja iliyopita, alipoandika kitabu chake cha tiba aliiweka hali hii, kwao inaitwa kabusi, kwenye maradhi ya kichwa pamoja na mengine ya ubongo, akatafuta sababu yake mwilini. Sababu aliyoitaja ni ya enzi zake, mivuke inayopanda kwenye ubongo, lakini aliiangalia kama tabibu. Mtu anayesema kuliangalia jambo hili kitabibu ni kuiga Wazungu na kuacha dini, arudi kwa Ibn Sina.

Kwa ndugu zetu Wakristo nako naona mambo. Siku hizi ukiwasha televisheni usiku kuna mtu anamwambia mama wa watu kwamba hajapata mtoto kwa sababu ana mume wa usiku, na huku kwetu tunasema jini mahaba, ni yale yale. Mama amekabwa mara kadhaa, labda ana mawazo kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa mtoto na maneno ya mawifi, hapati usingizi, akipata anakabwa, sasa kaambiwa ameolewa na pepo. Mume akisikia anaanza kumuogopa. Hajapimwa mama wala mume. Sizuii maombi wala kisomo, mwenye kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala asome, mwenye kusali Baba Yetu asali, roho ikitulia usingizi nao unatulia. Ninachokataa ni sala inayomalizikia kwa kunyoosha kidole.

Nimeshaona kidole hicho kinavyofanya kazi. Kuna nyumba moja mtaani kwetu, kijana wao alikuwa anakabwa, tena mfululizo. Wakampeleka kwa mganga, akaambiwa maneno karibu yale yale ya gazeti lenu, mwanamke mtu mzima, upande wa baba. Upande wa baba mwanamke mtu mzima alikuwa mmoja tu, shangazi yake, aliyemlea toka mama yake alipofariki. Wakaamua anyweshwe kombe, yani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, kama hana makosa halitamdhuru. Nilikuwepo kwa sababu niliitwa kama jirani. Yule mama alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwa, kanga mbili kajifunika, akaletewa kikombe, mkono unamtetemeka mpaka ile zafarani ikamchuruzika kidevuni ikaingia kwenye kanga, na pembeni wamesimama watoto aliowabeba mgongoni mwenyewe wanamkodolea macho waone kama ataanguka. Hakuanguka. Akarudisha kikombe, akasema "Bismillah nimekunywa, na Mungu ananiona." Basi wangemwacha hapo. Wakaanza kusema kombe lilikuwa jepesi. Haikupita muda akafungasha akaenda kwa mwanae Korogwe, na hajarudi.

Kijana akaendelea kukabwa, manake shangazi hakuwa na lolote. Siku moja akaja kwetu kliniki kwa jambo lingine kabisa, tukaongea. Alikuwa anafanya kazi kiwandani kwa zamu, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, akitoka asubuhi analala kwenye chumba cha bati chenye joto na makelele, analala chali kwa sababu ya joto, na ili asisinzie kazini anakunywa makopo ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Hakuna aliyemuuliza hayo, si mganga si ndugu. Akaomba zamu ya mchana peke yake, akapewa baada ya kusumbua sana, akaacha yale makopo, akawa analala muda mmoja kila siku kwa ubavu. Haijaisha yote, anasema bado inamjia mara moja moja akichoka sana, ila haiogopi tena, anajua itapita. Shangazi yake ndio hivyo, nani ataenda kumwambia.

Na huyo ana bahati kaondoka akiwa hai. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, wengine kosa lao macho mekundu, na macho yale mekundu ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Kilifi kwa wenzetu Wakenya wazee nao wanauawa na mara nyingine wanaosemwa kuhusika ni wa familia. Sisemi kila mauaji yameanzia kwenye kukabwa usiku, hapana, yapo ya mashamba na urithi. Lakini mtu akishaamka na alama ya woga namna ile, akiambiwa "ni fulani", anakuwa na ushahidi wa macho yake mwenyewe, alimuona! Huwezi kumbishia. Ndio maana nasema ni hatari gazeti kuandika vile. Na tukumbuke Tanzania tuna Sheria ya Uchawi toka mwaka 1928, ndani yake kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Mganga anayesema "mwanamke wa upande wa baba" anajua anachofanya, hataji jina ila amelitaja.

Anayekabwa afanye nini? Kwanza ajue hafi. Ikikushika usishindane nayo kwa mwili mzima, utazidi kuhisi umekandamizwa, tuliza pumzi yako fupi fupi hivyo hivyo, halafu jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu au mkono, au zungusha macho, manake misuli ya macho haikulegea kama mingine. Wengi inakatika hapo. Mwenzio akikuona unagumia usingizini akuguse au akuite, inatosha kukutoa. Ukishaamka kaa kidogo, washa taa, usirudi usingizini pale pale ukiwa chali, itakushika tena. Kwa siku za mbele lala muda mmoja, usilale chali, punguza kahawa na hayo makopo, na kama kuna jambo linakutafuna moyoni mtafute mtu wa kuliongea.

Na kuna wanaotakiwa kuja hospitali bila kuchelewa. Kama mchana usingizi unakuvamia hata katikati ya maongezi, au ukicheka magoti yanaishiwa nguvu, hayo ni maradhi ya usingizi yanayojulikana na yana dawa. Kama unakoroma halafu mkeo anasema pumzi zinasimama, njoo. Kama usiku unatetemeka mwili mzima, unang'ata ulimi au unakojoa kitandani, hiyo inaweza kuwa kifafa, si kukabwa, njoo. Kama uliwahi kupatwa na jambo baya, ajali, kubakwa, vita, na sasa usiku linarudi, njoo, kitengo cha afya ya akili si cha vichaa kama watu wanavyodhani. Tunao wakimbizi kutoka Kongo na Burundi kule Kigoma waliobeba makubwa vifuani mwao, na hao ndio wepesi kuambiwa wana mapepo.

Mhariri, ninachoomba kwenu ni hiki. Habari za kukabwa andikeni, watu wanazisoma na wanahitaji kuzisoma, ila mkiandika mumuulize na daktari au muuguzi siku hiyo hiyo, kwenye habari hiyo hiyo, si wiki ijayo kwenye kona ya afya ambayo aliyesoma ya kwanza hataiona. Maneno ya mganga yanayoelekeza kwa ndugu yeyote wa aliyekabwa msiyachape, hata kama jina halijatajwa, kwa sababu nyumbani kwao jina linajulikana. Lile tangazo la pembeni najua linaleta hela, lakini liondoeni kwenye kurasa hizo. Na yule kijana wa kwenye habari yenu, kama mwandishi bado anayo namba yake, ampigie amuulize analala saa ngapi, anafanya kazi gani, analalaje, anakunywa nini, na amwambie aende hospitali ya wilaya iliyo karibu naye, halafu amuulize pia yule mwanamke wa upande wa baba yuko wapi hivi sasa na anaishije na majirani. Hiyo nayo ni habari, na mimi nitainunua gazeti siku mtakayoitoa.

Wenu,
Muuguzi, msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga